SOMO: Mshale wa mafuta umelala? Usinunue boya kabla hujapima

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Fundi, nimejaza tenki lakini mshale umelala E, ninunue boya?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Soma yote, halafu uliza.

Naongelea gari za zamani zenye geji ya mshale, ambayo waya wake unakwenda moja kwa moja kwenye boya, yaani kile kifaa cha ndani ya tenki kinachopanda na kushuka na mafuta. Mfano wangu ni Corolla 110. Gari ambayo boya linapitia kwanza kwenye kompyuta, hili si somo lake.

1. Angalia fyuzi ya dashibodi. Geji zote zikiwa zimelala, boya halihusiki.

2. Ng'oa kikalio cha siti ya nyuma, fungua kifuniko kilicho chini yake. Safisha vumbi KABLA ya kugusa kitu kingine. Vumbi la Dodoma mnalijua, likidondokea tenkini utakuja kuuliza habari za pampu.

3. Chomoa soketi. Nyaya nene ni za pampu, ziache. Nyembamba ni za boya: mmoja wa geji, mwingine wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari.

4. Hapa ndipo mimi nililipa ada. Miaka hiyo bado kijana, mzee mmoja wa Kibaigwa aliniletea pikapu yake. Nikachukua waya wa geji, nikaugusisha kwenye bodi, swichi imewashwa. Mshale ukapanda vizuri, nikafurahi, simu ikaita, nikaenda kuongea. Narudi nakuta mshale umeganda juu ya F na dashibodi inanuka kama pasi iliyosahaulika kwenye shati. Geji nililipa mimi, na mzee hakurudi tena.

Kwa hiyo tumia globu ndogo, wati 3 hadi 5, ile ya taa ya kibao cha namba inatosha. Soketi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila kuwasha injini. Mshale ukae E. Sasa unganisha zile nyaya mbili nyembamba za upande wa gari kupitia globu:
– Mshale ukipanda kuelekea F, geji na nyaya ni nzima. Ugonjwa uko kwenye boya.
– Usipopanda, toa ule wa ethi, weka bodi ya gari mahali pake. Ukipanda sasa, ethi imeoza na boya lako halina kosa.
– Ukigoma kote, waya umekatika njiani au geji imekufa.

Subiri dakika nzima kabla ya kutoa hukumu, geji nyingine za zamani hupanda taratibu kama mgonjwa anayeamka. Na jaribio hili lifanyike tenki likiwa BADO LIMEFUNGWA. Nyaya zikigusana zinatoa cheche. Sirudii.

5. Weka mita kwenye pini za boya. Toyota nyingi za zamani husoma kama ohm 110 tenki likiwa tupu, na ohm 3 hivi likijaa. Mita isiposoma chochote, boya limekatika.

6. Kulitoa: mafuta yawe chini ya nusu. Soketi ikiwa imechomolewa, piga stata mpaka injini ijizimie, presha ishuke. Toa waya hasi wa betri. Fanyia nje penye upepo. Litikise boya, ukisikia petroli inacheza ndani limetoboka, linazama.

7. Rudisha boya na mpira mpya wa kuzibia mdomo wa tenki. Gari ikinuka petroli baada ya hapo, mpira haujakaa.

MASWALI

Kijana wa Kizota: Fundi, boya la Noah bei gani?
— Umefika hatua ya ngapi?

Kijana wa Kizota: Sijaanza bado, nataka bei tu.
— Anza.

Dada wa Ipagala: Kaka, shikamoo. Wangu unasoma vizuri ukiwa juu, ukifika robo unaanza kurukaruka, kisha unarudi sawa. Globu nimejaribu, umepanda.
— Marahaba dada. Umepima vizuri kuliko mafundi wengi. Huwa unaweka mafuta kidogo kidogo, siyo? Boya linashinda hapo robo, kwa hiyo njia ya umeme imelika hapo hapo. Litoe, weka mita, uinue mkono wake polepole. Namba zikiruka robo, ndipo. Sugua njia kwa kifutio cha penseli, taratibu, kisha ukandamize kidogo vidole vya shaba ili viguse. Inaweza kukupa muda kabla ya kununua. Halafu usizoee robo: pampu hupozwa na mafuta yenyewe, na kwa jua letu hili utaiua mapema.

Mzoefu: Mimi nagusisha moja kwa moja miaka yote, sijaunguza kitu. Unatisha watu bure.
— Hongera. Ukiunguza, ya mteja utalipa wewe, siyo mimi.

Mwana-Nzuguni: Ya mafuta na ya joto zote zinasoma uongo kwa pamoja. Maboya mawili yafe siku moja?
— Swali zuri. Hayafi pamoja. Tafuta kinachotumiwa na zote mbili: ethi ya dashibodi, au kidhibiti cha umeme wa geji kwa zile zenye nacho. Tenki usiliguse.

Dereva wa Manyoni: Cruiser yangu ina tenki mbili na swichi ya kubadilisha. Tenki kubwa inasoma, ndogo imelala.
— Mkuu, swichi imeshakupimia. Kama geji ni hiyo moja, basi ni nzima. Nenda boya la tenki ndogo, waya wake, au swichi yenyewe.

Dereva wa Manyoni: Na kabla sijapata nafasi? Juzi ilinizimikia kabla ya Kintinku.
— Jaza full, weka kipimo cha safari sifuri, uandike kilomita na lita kila ukijaza. Ukijaza mara tatu utaijua gari yako inakula kiasi gani. Dumu usilibebe ndani na abiria.

Kijana wa Kizota: Nimefika ya nne. Umepanda!
— Haya. Toa globu kwanza, kisha tuongee bei.