SOMO: Kutambua injini za reli ya Otavi kwenye picha za zamani (si kila Mjerumani na treni ni Tanga)

Wakuu, nimechoka. Kila mara mtu anatupia picha ya kichwa cha treni cha mvuke, Wajerumani wamejipanga mbele na kofia zao, halafu anaandika "Tanga enzi za babu". Nyingi ni za Namibia: reli ya Otavi, Swakopmund hadi Tsumeb, kilomita 567, iliyojengwa 1903 hadi 1906 kuteremsha shaba ya mgodini. Nikiulizwa tena nitakuelekeza hapa.

Hatua ya 1. Pata picha safi. Iliyozunguka WhatsApp mpaka ikafifia, achana nayo.

Hatua ya 2. Angalia upana wa reli. Otavi ni milimita 600; njia ya Usambara (ile ya Tanga) na Reli ya Kati ni mita 1. Tafuta mtu aliyesimama katikati ya reli. Kwenye 600 mabega yake yanakaribia kuijaza nafasi. Kwenye mita 1 nafasi inabaki. Picha ya ubavuni haionyeshi upana, usilazimishe.

Hatua ya 3. Hesabu magurudumu. Hapa ndipo watu wanapoanguka. Reli ikiwa nyembamba namna hii, katikati ya magurudumu hakuna nafasi ya kutosha kwa tanuru, kwa hiyo kwenye injini nyingi fremu inawekwa nje na magurudumu yanajificha nyuma yake. Unachokiona kinazunguka ni mikono ya chuma na vipande vizito vya kusawazisha. Hesabu hiyo mikono: kila mmoja ni ekseli moja inayoendeshwa na injini. Kisha chungulia mbele na nyuma, utafute vigurudumu vidogo visivyo na mkono. ONYO: Waingereza huhesabu magurudumu, Wajerumani huhesabu ekseli. 2-8-2 ya Mwingereza (vigurudumu 2 mbele, 8 yanayoendeshwa, 2 nyuma) ni 1'D1' ya Mjerumani (D ni ekseli nne), injini ile ile. Ukichanganya, utatafuta injini ambayo haipo.

Hatua ya 4. Soma kibati cha kiwanda: Henschel, Krauss, Jung. Namba ya kiwanda si namba ya njiani (ile wenye reli walioipa injini), na ya njiani ilibadilishwa wenye reli walipobadilika.

MASWALI

Mdau: Mkuu hii ni ya wapi? [picha ya ubavuni]
— Hatua ya 2, sentensi ya mwisho.

Mdau: Babu yangu kafanya kazi reli ya Tanga, usitufundishe. Hii ni ya huko.
— Shikamoo yake. Lakini picha yako ina injini mbili ndogo zimeungwa mgongo kwa mgongo, namba moja, A na B. Hizo ni Zwillinge, pacha za milimita 600. Kwenye reli ya mita 1 hazikai. Nusu ya pacha kama hizo imewekwa stesheni ya Windhoek, katafute picha yake ulinganishe.

Mdau: Kwa hiyo Tanga hakukuwa na reli nyembamba kabisa?
— Swali zuri. Ilikuwepo ya Sigi, ikitoka Tengeni, milimita 750, ya kubebea mbao za msituni. Ndiyo maana usiishie hatua ya 2.

Mdau: Mzigo ni shaba, kwa nini wajenge reli nyembamba hivyo?
— Rahisi na haraka: reli nyepesi, udongo mchache wa kukata. Gharama ilikuja baadaye. Kipande cha kutoka pwani kilipopanuliwa kuwa milimita 1067, mzigo wa Tsumeb ukawa unahamishwa behewa kwa behewa pale Usakos, mpaka njia nzima ikapanuliwa mwaka 1960. Injini kubwa za aina ya NG15, zile 2-8-2, zikahamia Afrika Kusini, njia nyembamba ya Avontuur.

Mdau: Yangu ni kadi ya posta, haina kibati wala mtu relini.
— Geuza nyuma. Stempu ya Afrika Mashariki ya Mjerumani imeandikwa pesa au heller, sarafu za huko enzi hizo; ya Namibia ni pfennig, sarafu ya Ujerumani. Ila angalia, mtu anaweza kununua kadi Swakopmund akaitumia kwingine.

Mdau: Imeandikwa heller 4. Ndiyo Tanga basi?
— Ilitumwa kutoka Afrika Mashariki. Picha leta tuihesabu mikono.