Kufuta jina tu kwenye data hakutoshi

Nyie mnaokusanya data za wavuvi huku Kigoma, Kibirizi, Katonga na kwingineko, kuziweka wazi ili wengine wazitumie ni jambo zuri sana, ila msipakie lile faili la eksel kama lilivyotoka kwenye simu. Tengeneza kopi kwanza, orijino usiiguse, halafu kwenye kopi toa majina, namba za simu na GPS za majumbani kwa watu. Sasa hapa ndo wengi wanajisahau, unafuta jina afu unaacha mwanamke, miaka 61, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni), ana mitumbwi minne, hapo mwaloni kila mtu ashajua ni nani na hata anadaiwa na nani. Umri weka kwa makundi, mfano 50 hadi 65, cheo ondoa kabisa, na kama hakihusiani na swali lako mbona ulikiuliza lakini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, sio hiari.

Ukimaliza sevu kwa CSV (jedwali la maandishi matupu, linafunguka kwenye programu yoyote), andika ukurasa mmoja kila safu inamaanisha nini na kilo zilipimwaje (dagaa wabichi au wakavu, tofauti kubwa hiyo!), kisha pandisha Zenodo, tovuti ya kuhifadhi data za utafiti, ni bure, inaendeshwa na CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya), na unapewa DOI, yaani namba ya kudumu ya data zako, ya watu kukutaja. Ila fomu ya ridhaa iwe ilisema data zitawekwa wazi, kama haikusema rudi mwaloni ukawaulize wenyewe kwanza.