Bajeti ya kompyuta za dukani kwa mwaka ujao

Kama una duka la steshenari au ofisi ndogo Mwanga au Ujiji mjini Kigoma, kabla ya kupanga hela andika kila kifaa na mwaka kiliponunuliwa. Daftari la kawaida linatosha.

Kinachosahaulika sana ni betri ya UPS, kile kifaa kinachoshikilia kompyuta kwa muda umeme ukikatika. Hifadhi kazi zako, chomoa plagi ya UPS ukutani kompyuta ikiwa imewaka, kisha angalia saa. Ikizima mapema kabla ya dakika 5, huenda betri imechoka. UPS nyingi za VA 650 (kipimo cha nguvu yake) hutumia betri moja ya volti 12, Ah 7 (kiasi cha umeme inachohifadhi), kwa hiyo badilisha betri tu, na soma namba zake kabla ya kuagiza. Printa ya leza usiichomeke humo: ikianza kupasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inalia na kuzima kila kitu.

Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama kompyuta ina TPM, yaani chipu ya usalama. Ukiona toleo 2.0, kompyuta imevuka sharti moja kubwa la Windows 11. TPM isipoonekana, huenda imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), mwone fundi kwanza. Kompyuta nyingi za mtumba hukwama hapa, hata zikiwa na RAM ya kutosha.

Vifaa vya umeme nunua Septemba, kabla mvua za Kigoma na radi zake hazijaanza. Radi ikikaribia, chomoa na waya wa intaneti pia; nayo hupita humo.