Uyoga wa kichuguu: namna ya kuuchuma karibu na nyumbani Moshi bila kubahatisha

Masika iliyopita binti wa jirani alipiga hodi asubuhi na ndoo ya uyoga kutoka shamba lao la tambarare, upande wa Kahe. "Shikamoo shangazi. Huu unaliwa?" Nikamwambia jibu atalipata kesho. Hakufurahi, maana mama yake alikuwa ameshabandika sufuria. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyofanya naye siku ile, na yanahusu aina moja tu: uyoga unaoota kwenye vichuguu vya mchwa. Aina nyingine za porini mimi siziokoti, na anayeanza namsihi asiziokote.

Hatua ya 1: Msimu na mahali

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kumbikumbi wakianza kuruka, anza kupitia vichuguu kila asubuhi, kwa sababu uyoga ukishafungua kofia haukai siku mbili kabla funza hawajauingia. Chuma kwenye shamba lenu au la mtu aliyekuruhusu. Msitu wa Rau na msitu wa mlimani ni hifadhi, usiingie kuchuma bila kibali. Chini ya kahawa iliyopigwa dawa ya shaba ya ugonjwa wa kutu ya majani, na kando ya barabara kuu, pita tu. Uyoga hufyonza madini ya shaba na risasi kutoka kwenye udongo.

Safari ya kwanza nenda na mzee aliyewahi kula uyoga wa kichuguu hichohicho.

Hatua ya 2: Chimba, usivute

Tumia kijembe, si kisu. Wanaokata shina juu ya ardhi wanaacha chini sehemu yenye ushahidi wote. Uyoga wa kichuguu una shina linaloendelea ardhini kama mzizi mrefu, mara nyingine kupita urefu wa mkono, hadi kwenye masega ambayo mchwa wanalishia kundi lao. Katikati ya kofia pana ncha ngumu, yenye rangi nzito kuliko pembeni, ambayo ndiyo inayotoboa udongo.

Ukikuta shina limeishia kwenye kifuko au kikombe cheupe, acha hapohapo na unawe mikono. Jamii ya uyoga unaoua zaidi duniani ina kikombe cha namna hiyo, na ukivuta kinabaki ardhini usikione. Vichanga ambavyo kofia haijafunguka, usichume kabisa.

Fukia shimo. Beba kwa kikapu, maana ndani ya plastiki uyoga unachemka na kuoza kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya 3: Unga wa kofia

Hapa ndipo nilipopoteza masika mbili nikijifunza. Chini ya kofia pana vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na humo hudondoka unga laini, yaani spora. Rangi ya unga huo inakuambia jambo ambalo rangi ya kofia haiwezi kukuambia.

Mara ya kwanza nililaza kofia juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi sikuona kitu, nikaamini uyoga haukutoa unga. Kumbe unga mweupe juu ya karatasi nyeupe hauonekani! Mara ya pili niliuacha wazi chini ya feni, kofia ikakauka. Mara ya tatu sisimizi waliubeba. Sasa natumia kioo tu, na karatasi sikushauri hata kidogo.

Kata shina lote usawa wa kofia. Laza kofia juu ya kipande cha kioo, kurasa zikitazama chini. Dondosha tone moja la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli, kisha weka kioo juu ya kikombe kilichosimama ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wasifike. Acha usiku kucha. Uyoga uliolowa mvua upanguse na uuache saa moja kwanza, la sivyo utanata na kuvuja maji badala ya unga. Uliozeeka hautoi kitu, chagua mwingine.

Asubuhi inua kofia, kwangua unga kwa wembe uwe kirundo kidogo, kisha usomee nje kwenye mwanga wa jua, kioo kikiwa juu ya kitambaa cheusi halafu juu ya cheupe. Ukitandazwa, unga wa pinki huonekana mweupe, na taa ya ndani ya manjano hudanganya zaidi.

Kijani: huo ni ule mweupe mkubwa wa kwenye majani ya bustani. Utatapika na kuharisha vibaya. Mweupe: mwaga kikapu chote. Pinki hafifu: endelea, lakini pinki peke yake haitoshi, kwa kuwa ipo jamii nyingine ya sumu yenye unga wa pinki. Lazima mzizi, ncha na kichuguu vikubaliane na unga. Kimoja kikikataa, hauliwi.

Usipime kwa kijiko cha fedha, kitunguu saumu, wala kwa kuwa konokono ameula. Vyote hivyo si kipimo. Kuchemsha na kumwaga maji hakuondoi sumu inayoua ini. Sumu hiyo huanza kuumiza baada ya saa 6 hadi 24, halafu mgonjwa hupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Kwa hiyo ukitapika baada ya kula uyoga, nenda hospitali hata kama umeshapata nafuu.

Hatua ya 4: Kupika

Osha haraka, kaanga na kitunguu na nyanya dakika 20, ongeza karanga zilizotwangwa. Mara ya kwanza kula vijiko viwili tu, watoto wasionje, na weka uyoga mbichi miwili kwenye friji hadi kesho kutwa, ili daktari awe na cha kuangalia.

Unga wa binti yule ulitoka pinki. Lakini kati ya uyoga wa ndoo ile, minne haikuwa na mzizi. Tuliitupa yote minne, na iliyobaki mama yake akaipika jioni.