Somo: Kujitafutia mafunzo kwa vitendo yasiyo na malipo na kuyapatia krediti za kozi ya sheria

Wakuu, somo hili nimeliahidi muda mrefu. Linamhusu mwanafunzi wa sheria ambaye chuo hakikumpangia ofisi ya kufanyia mafunzo, au kimempangia asipopataka, naye anataka kujitafutia mwenyewe na muda ule bado uhesabiwe kwenye shahada, yaani apewe krediti.

Kwanza yaliyonikuta. Likizo ya mwaka wa pili nilipata nafasi kwenye ofisi ya wakili mmoja. Nikachapa kazi wiki sita, nikaandika mpaka rasimu za hati za kiapo, nikaondoka na barua nzuri ya kunisifu. Chuoni nikaambiwa: sisi hatukukutuma. Barua ninayo mpaka leo, krediti sikupewa. Ndiyo maana somo zima linazunguka jambo moja: chuo kikubali kwa maandishi kabla hujakanyaga ofisi ya mtu.

Hatua ya 1: Anza na kanuni za chuo, wakili baadaye

Fungua mwongozo wa kozi. Je, mafunzo kwa vitendo yapo kama kozi yenye namba yake? Yanaruhusiwa kuanzia mwaka wa ngapi? Yana krediti ngapi, na kila krediti inadai saa ngapi? Hapo kwenye saa pana mtego. Vitivo vingi vya sheria Marekani huhesabu saa 42.5 za kazi kwa krediti moja, mfumo wa krediti wa Ulaya (ECTS) saa 25 hadi 30, na Uingereza saa 10. Anayekwambia "ni krediti tatu tu" hajakwambia kitu mpaka ujue ni za mfumo upi. Uliza pia kama saa za semina na za kuandika ripoti zimo ndani ya hesabu au ziko nje.

Kozi isipokuwepo, usikate tamaa mapema. Vyuo vingine vina somo la kujisomea chini ya mhadhiri, na mafunzo huweza kuingia kwa mlango huo.

Hatua ya 2: Mpate mhadhiri

Huyu ndiye atakayesaini na kutoa alama. Chagua anayefundisha eneo unalolitaka. Ukitaka migogoro ya ardhi, nenda kwa mwalimu wa sheria ya ardhi. Mpelekee wazo kwenye karatasi moja, usiende mikono mitupu.

Hatua ya 3: Tafuta ofisi

Wengi hukimbilia kampuni zenye majina. Mimi naona ofisi ndogo yenye wakili mwenye nafasi ya kukusahihisha inakufaa zaidi. Jaribu pia vituo vya msaada wa kisheria, mahakama, vitengo vya sheria vya taasisi za umma na vyama vya wafanyakazi. Kwenye barua sema umesoma masomo gani, utatoa saa ngapi kwa wiki kuanzia lini hadi lini, na kwamba malipo yako ni krediti kutoka chuoni. Ule msemo wa "niko tayari kwa kazi yoyote" ufute. Utaaminiwa, na kazi yoyote utapewa.

Hatua ya 4: Makubaliano ya pande tatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wewe, ofisi na chuo mnasaini karatasi moja. Majukumu yaandikwe kwa vitenzi vinavyopimika: kufanya utafiti na kuandika maoni ya kisheria yasiyopungua manne, kuhudhuria mahojiano na wateja, kuandaa rasimu za hati za madai. Ukiandika "kusaidia shughuli za ofisi" umejipeleka mwenyewe kwenye mashine ya fotokopi.

Msimamizi atajwe kwa jina, awe mwanasheria, na ielezwe mtakutana mara ngapi kwa wiki na nani atajaza fomu ya tathmini. Kiwepo kifungu cha usiri wa mteja. Kuhusu mgongano wa maslahi, taja ofisi zote ulizowahi kufanyia kazi, hata kwa kujitolea. Ukikuta jalada ambalo upande wa pili ni ofisi yako ya zamani, liache na utoe taarifa. Na kumbuka huna leseni. Humshauri mteja kwa jina lako, wala husimami mahakamani isipokuwa sheria ya nchi inamruhusu mwanafunzi chini ya usimamizi.

Wakili akisita kusaini, mwambie karatasi hiyo inamlinda na yeye. Uingereza, mwanafunzi wa elimu ya juu ambaye mafunzo ni sehemu ya kozi yake halazimiki kulipwa kima cha chini cha mshahara, mradi muda usizidi mwaka mmoja. Yakiwa nje ya kozi, kinga hiyo haipo. Marekani, Wizara ya Kazi tangu 2018 hutumia vigezo saba kupima nani anafaidika zaidi kati ya mwanafunzi na mwajiri, na uhusiano wa kazi na masomo ni kimojawapo. Mwanasheria akisikia habari ya kudaiwa mishahara, kalamu huitafuta mwenyewe.

Hatua ya 5: Daftari la kila siku

Tarehe, saa, kazi uliyofanya. Jina la mteja lisionekane; andika "mteja A, shauri la mirathi". Msimamizi asaini kila Ijumaa. Ukingoja mwisho, utamkuta amesafiri. Ripoti utaitoa humo humo kwenye daftari, kwa hiyo sina la kuongeza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, wakili anataka nianze Jumatatu, chuo kitajibu baada ya wiki mbili. Nianze?*

Nenda ukajitambulishe, lakini saa za wiki hizo usizipigie hesabu. Mwombe mratibu wa kozi walau barua pepe ya mistari miwili ya kukubali. Akikupa, anza.

*Ofisi inataka kunipa nauli. Krediti zitapotea?*

Soma kanuni ya chuo chako. Kurejeshewa gharama na kulipwa mshahara ni vitu viwili tofauti, ila usifiche. Hata mshahara wenyewe kanuni hubadilika: Chama cha Mawakili cha Marekani kilivizuia vitivo kutoa krediti kwa mafunzo yenye malipo hadi 2016, kisha kikaviachia viamue vyenyewe.

*Kaka, wakili mwenyewe ni mjomba wangu.*

Sema mapema. Mwombe wakili mwingine wa ofisi hiyo akusimamie na kukutathmini. Kama mjomba yuko peke yake, tafuta kwingine, maana alama zako zitatiliwa shaka hata kama umezitolea jasho.

*Wiki ya tatu hii napiga fotokopi na kutumwa posta tu.*

Usinune. Rudi kwenye makubaliano, chagua jukumu moja, mwendee msimamizi: "Naomba jalada moja nililifanyie utafiti, nitakuletea rasimu Alhamisi." Ombi dogo lenye siku ni gumu kulikataa. Wiki ikipita bila kitu, mwandikie mhadhiri. Ndiyo kazi yake.

*Naweza kuonyesha rasimu niliyoiandika huko nikiomba kazi?*

Kwa ruhusa ya maandishi ya wakili, na baada ya kufuta kila kinachomtambulisha mteja. Akikataa, imeishia hapo.

*Mkuu, na zile wiki zako sita hukuzipigania?*

Nilikata rufaa mpaka kwa mkuu wa kitivo. Akanifungulia mwongozo, akaniwekea kidole kwenye kifungu. Mwaka uliofuata nikarudi ofisi ile ile na fomu mkononi. Wakili akaisaini akiwa amesimama, akaniuliza mbona ile mara ya kwanza sikumletea.