Somo: Dawa ya kiungulia imemsaidia mwenzako, wewe bado unaungua. Kagua haya kwanza

Wawili wameandikiwa omeprazole miligramu 20. Mmoja ametulia ndani ya wiki, mwingine bado anaamka usiku kifua kinawaka. Kabla ya kuongeza dozi, pita hatua hizi kwa mpangilio. Wengi hukwama kwenye ya kwanza.

1. Saa ya kumeza. Omeprazole na ndugu zake (esomeprazole, lansoprazole, pantoprazole, rabeprazole) hazigusi tindikali iliyokwisha kumwagika. Hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, huingia kwenye damu, kisha hufika kwenye seli za ukuta wa tumbo na kufunga pampu zinazotoa tindikali. Pampu iliyolala haifungiki. Hufungwa ile iliyo kazini, na chakula ndicho kinachoziamsha. Dawa yenyewe hukaa kwenye damu saa chache tu. Kwa hiyo meza dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza wa siku. Anayemeza akienda kulala, pampu zake zinaamka dawa imeshaondoka.

Usitafune wala kusaga. Ndani ya kapsuli kuna punje ndogondogo, kila moja imevishwa ganda la kuikinga na tindikali. Ganda likivunjika, dawa inaharibikia tumboni.

2. Siku ngapi? Pampu mpya hutengenezwa kila siku, hivyo nguvu kamili huja baada ya siku 3 hadi 5 za kumeza mfululizo. Kumeza siku unayoungua tu, halafu kusema dawa haifai, ni kuionea. Matibabu ya kawaida ni wiki 4 hadi 8.

3. Ini lako. Dawa hizi huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C19, na kasi yake ni ya kurithi. Mwenye kasi kubwa huimaliza dawa mapema, nguvu yake inapungua. Mwenye kasi ndogo hupata nguvu zaidi kwa dozi ileile. Rabeprazole haitegemei sana njia hiyo, ndiyo maana daktari anaweza kukubadilishia badala ya kukuongezea.

4. Je, ni tindikali kweli? Dawa inapunguza ukali wa kinachopanda, haizuii kupanda. Valvu ya chini ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) ikilegea, au sehemu ya tumbo ikipenya juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), majimaji yataendelea kurudi mdomoni hata yasipounguza. Wengine umio wao ni mwepesi kuhisi, na wengine wana ugonjwa mwingine kabisa wa umio. Hapo kinachoamua ni vipimo: kamera ya kuangalia umio na tumbo, au mrija mwembamba unaopitishwa puani kupima tindikali kwa saa 24. Kwa kawaida, umio wenye vidonda huitikia dawa vizuri kuliko usio navyo.

Maswali ya wanachama

*Asubuhi niko sawa, usiku ndiyo balaa. Nifanye nini?*
Kula uishe saa 3 kabla ya kulala, inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 (kitanda chenyewe; mito mingi inakukunja tumbo tu), lalia ubavu wa kushoto. Daktari akikupa dozi ya pili, ni ya kabla ya chakula cha jioni.

*Nikiacha, kiungulia kinarudi kikali kuliko mwanzo. Nimezoea dawa?*
Siyo uraibu. Tumbo lililozuiwa muda mrefu huzalisha tindikali kupita kiasi likiachiwa, na hali hiyo inaweza kudumu wiki kadhaa. Muulize daktari kuhusu kupunguza taratibu, na dawa ya kutuliza kiungulia ya kuvukia kipindi hicho.

*Famotidine (dawa ya aina nyingine ya kupunguza tindikali) ilinisaidia siku chache, kisha ikagoma?*
Kawaida yake. Mwili huizoea ndani ya wiki moja au mbili ikimezwa kila siku.

*Natumia clopidogrel ya moyo. Kuna shida?*
Ipo. Omeprazole na esomeprazole hukizuia kimeng'enya kilekile cha ini (CYP2C19) kinachoiamsha clopidogrel. Mwambie daktari akuchagulie nyingine, usiache yoyote mwenyewe.

*Lini nisisubiri wiki 8?*
Chakula kikikwama, ukikonda bila sababu, upungufu wa damu ukionekana: nenda ukapimwe mapema. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au kifua kikibana na maumivu kushuka mkononi, nenda hospitali saa hiyohiyo.