Kuchanganua Maandishi Hatua kwa Hatua: Kutoka Rundo la Barua hadi Hitimisho Linaloweza Kutetewa

Tuseme umekabidhiwa barua 120 za malalamiko ambazo taasisi fulani imezipokea kwa mwaka mzima, na mkuu wako anataka kujua zinasema nini. Au wewe ni mwanafunzi wa uzamili, mezani una mahojiano yaliyonukuliwa, kumbukumbu za vikao au nyaraka za sera. Kazi ni ileile. Wengi huanza kwa kusoma na kupigia mstari sentensi zinazowavutia, kisha huandika ripoti kwa kutegemea yale yaliyowagusa. Huenda ripoti hiyo ikawa sahihi kabisa, lakini mtu akiuliza "umejuaje?" hakuna pa kumpeleka.

Mwongozo huu unalenga jambo hilo moja: kila unachohitimisha kiweze kufuatwa nyuma mpaka kwenye mstari wa matini uliokizaa, na mtu mwingine aweze kuipita njia hiyo hata wewe usipokuwepo. Nitatumia mfano wa barua hizo 120 mwanzo hadi mwisho. Mfano ni wa kubuni, ila matatizo yake ni yale yale utakayokutana nayo.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujafungua faili

"Barua zinasema nini" bado si swali. Angalia tofauti ya haya matatu:

- Ni malalamiko gani yanajitokeza katika barua nyingi zaidi?
- Walalamikaji wanaelezaje hali ya kusubiri huduma, na kusubiri huko kuna maana gani kwao?
- Taasisi inapojibu, lugha yake inamtwisha nani lawama?

La kwanza linahitaji uchanganuzi maudhui: unaweka makundi, unahesabu, unalinganisha. La pili linahitaji uchanganuzi wa dhamira, ambapo unatafuta mikondo ya maana inayopita katika barua nyingi, hata pale maneno yanapotofautiana. La tatu ni uchanganuzi wa usemi. Hapo unaangalia namna jambo lilivyosemwa, aliyetajwa na aliyefichwa. Unaweza kuchanganya mbinu mbili katika kazi moja, lakini andika wazi ni swali lipi linajibiwa na mbinu ipi. Kazi nyingi ninazoombwa kuzipitia zimekwama hapa: swali ni la maana, jibu ni la hesabu.

Hatua ya 2: Tayarisha rundo

Hifadhi nakala halisi mahali ambapo hutazigusa tena, ufanye kazi kwenye nakala nyingine. Kila barua ipe namba, B001 hadi B120, na namba hiyo isibadilike kamwe. Ondoa majina, namba za simu na anwani. Kama utahitaji kuoanisha barua na mtu, weka orodha ya kuoanishia katika faili tofauti lililofungwa. Aliyeandika barua hizo aliiandikia taasisi akitaka msaada. Hakukuandikia wewe, wala hakujua kwamba maneno yake yatawekwa kwenye jedwali, kwa hiyo jukumu la kumlinda ni lako.

Kama barua zilipigwa picha na kugeuzwa matini kwa programu, soma chache ukizilinganisha na picha zake. Programu hizi hukosea herufi, na kosa dogo linatosha kuficha neno unalolitafuta.

Kisha andika aya moja kuhusu rundo lenyewe: limetoka wapi, nini kimekosekana, nani hayumo. Barua za malalamiko zinatoka kwa waliolalamika kwa maandishi. Hazikuambii lolote kuhusu walionyamaza, walioridhika, au waliokwenda kulalamika ana kwa ana. Aya hiyo utaihitaji sana mwishoni.

Hatua ya 3: Amua kipashio

Utakuwa unahesabu au kuwekea alama kitu gani: barua nzima, aya, sentensi, au neno? Mtu mmoja aliyekasirika anaweza kutaja ucheleweshaji mara tisa katika barua moja. Ukihesabu kila kutajwa, sauti yake ni sawa na ya watu tisa. Ukihesabu barua, yeye ni mmoja. Kwa swali la "malalamiko yapi yameenea zaidi" mimi huchagua barua. Kwa swali la dhamira huchagua aya, kwa sababu sentensi moja ikikatwa peke yake mara nyingi hupoteza maana yake.

Hatua ya 4: Soma yote mara moja, bila alama

Soma mfululizo, ukiandika pembeni tu yale yanayokushangaza. Hakuna mengi ya kueleza hapa, ila usiiruke.

Hatua ya 5: Tengeneza misimbo

Msimbo ni lebo fupi unayoipachika kwenye kipande cha matini: "kucheleweshwa", "kutojibiwa", "kudharauliwa", "gharama ya kufuatilia". Kuna njia mbili. Unaweza kuja na misimbo tayari kutoka kwenye nadharia au sera, au ukaiacha izaliwe na matini. Kwa ripoti za kazini mimi huanza na michache iliyotoka kwenye swali, kisha nachukua barua kama 20 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kuongeza ile inayojitokeza yenyewe.

Kila msimbo uandikiwe ukurasa wake katika kitabu cha misimbo. Usiridhike na jina. Mfano:

*KUCHELEWESHWA. Maana: mwandishi anasema huduma au uamuzi umechukua muda mrefu kuliko alivyoahidiwa au alivyotarajia. Weka: "nimezungushwa miezi mitatu", "hadi leo sijapata". Usiweke: mwandishi anapotaja tarehe tu bila kulalamikia muda, anaposema hakujibiwa kabisa (hapo tumia KUTOJIBIWA). Tata: "naendelea kusubiri" kwenye salamu za mwisho wa barua haihesabiki.*

Sehemu ya "usiweke" na ya "tata" ndizo zinazobeba kazi yote. Maana ya msimbo huonekana wazi mpaka utakapofika kwenye mpaka wake, na mipaka ndiko wasomaji wawili hutofautiana. Kila unapoamua jambo gumu, liandike humo humo pamoja na namba ya barua iliyolileta. Ukibadilisha maana ya msimbo katikati ya kazi, rudi ukapitie zote ulizokwisha kusoma. Inachosha, lakini barua ya 10 na ya 110 lazima zipimwe kwa kipimo kimoja.

Hatua ya 6: Mpe mtu mwingine kitabu chako

Mpe mwenzako kitabu cha misimbo na sehemu ya barua, asome bila kuona alama zako. Kisha linganisheni. Usiishie kwenye asilimia ya makubaliano, kwa sababu asilimia hudanganya.

Tuseme mmesoma aya 100, kila mmoja akiamua kama msimbo wa kucheleweshwa upo au haupo. Aya 20 wote mmesema upo. Aya 60 wote mmesema haupo. Zilizobaki 20 mmetofautiana, 10 upande huu na 10 upande ule. Mmekubaliana kwa asilimia 80, na inapendeza. Lakini kila mmoja wenu ameuona msimbo huo katika aya 30 kati ya 100. Hata mngebahatisha tu kwa uwiano huo, mngekutana kwenye "upo" kwa 0.30 × 0.30, yaani 0.09, na kwenye "haupo" kwa 0.70 × 0.70, yaani 0.49. Jumla ni 0.58. Bahati peke yake ingewapa asilimia 58.

Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinaondoa sehemu hiyo ya bahati: (0.80 − 0.58) ÷ (1 − 0.58) = 0.52. Sasa picha ni nyingine. Mkiwa zaidi ya wawili, au kama kuna aya ambazo wengine hawakuzisoma, tumieni alfa ya Klaus Krippendorff, kipimo kingine cha makubaliano. Yeye alipendekeza 0.80 kwa hitimisho thabiti, na 0.667 kama kiwango cha chini kabisa kwa hitimisho la tahadhari.

Kappa ikiwa chini, msianze kubishana nani yuko sahihi. Fungueni zile aya 20 mlizotofautiana, muulizane kitabu kilisema nini na kilinyamazia nini. Rekebisheni maelezo, kisha mjaribu tena kwa aya mpya.

Watafiti wengi wa dhamira hawatumii hesabu hii, na wana hoja ya msingi: kwao, usomaji wa mtafiti ni sehemu ya uchanganuzi na haupaswi kusawazishwa. Hata hivyo mazungumzo na msomaji wa pili yanabaki na faida. Yanakuonyesha ulichokichukulia kuwa wazi kumbe si wazi.

Hatua ya 7: Tumia kompyuta, ukikumbuka lugha uliyonayo

Programu nyingi za kuhesabu maneno hutenganisha maneno kwa nafasi. Kwa Kiswahili hilo ni tatizo kubwa. "Nimechelewa", "walinichelewesha", "ucheleweshaji" na "kucheleweshwa" zitahesabiwa kama maneno manne yasiyohusiana. Kwa hiyo tafuta mzizi: andika *chelew* na zote zitakuja. Lakini itakuja pia "hawakuchelewa", ambayo ni sifa, si lalamiko.

Mizizi mifupi ni hatari zaidi. Ukitafuta *jib* ili kupata "sikujibiwa", utaletewa pia "wajibu" na "kuwajibika". Vitenzi kama -pa na -ja havitafutiki kabisa kwa mzizi. Itabidi uandike orodha ya maumbo unayoyatarajia, "nilipewa", "sikupewa", "hamkunipa", na kuyatafuta moja moja. Tena kuna wanaolalamikia ucheleweshaji bila kulitaja neno hilo: "nimezungushwa", "njoo kesho kila siku", "nimechoka kungoja".

Ndiyo maana huwa sikubali hesabu kabla sijaona kila tukio likiwa na maneno kama kumi kabla yake na kumi baada yake. Soma orodha hiyo kwa macho, futa yasiyohusika, ndipo uhesabu.

Maneno madogo kama "kwa", "na", "ila" huondolewa na programu nyingi kwa madai kwamba hayana maana. Inategemea swali lako. Mwaka 1964 Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha uchunguzi wa makala 12 za kisiasa za Marekani zilizobishaniwa kama ni za Alexander Hamilton au James Madison, na maneno madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyoelekeza kwa Madison.

Programu za akili mnemba nazo zinaweza kukusaidia kuweka misimbo. Zipime kama ungempima msaidizi mgeni: zipe kitabu chako, zilinganishe na sampuli uliyoisoma mwenyewe, kokotoa kappa. Kila nukuu zinayokuletea itafute katika barua halisi, kwa kuwa huweza kutunga sentensi ambayo hakuna aliyeiandika. Na usipeleke barua za watu kwenye huduma ya mtandaoni bila ruhusa.

Hatua ya 8: Kutoka misimbo hadi dhamira

Dhamira si msimbo uliokuzwa. "Kucheleweshwa" ni mada. "Kusubiri kunachukuliwa kama dharau" ni dhamira, kwa sababu inadai jambo linaloweza kukanushwa. Weka misimbo inayoandamana pamoja na ujiulize inadai nini.

Kisha tafuta kwa makusudi barua zinazoipinga. Nani amesubiri muda mrefu na hakuona dharau? Huenda utakuta kwamba hao walipewa sababu ya kuchelewa. Dhamira yako sasa inakuwa sahihi zaidi: kinachouma ni kusubiri bila maelezo. Barua tatu zinazopinga mara nyingi hunifundisha kuliko thelathini zinazokubali.

Hatua ya 9: Sikiliza sarufi

Kama swali lako linahusu lawama, angalia vitenzi. Linganisha:

*Karani alipoteza faili.*
*Faili lilipotezwa.*
*Faili lilipotea.*

Ya kwanza ina mtu. Ya pili inakiri kwamba kuna aliyefanya, ila haimtaji. Ya tatu haina mtu kabisa, faili limejipotelea. Chora jedwali lenye safu tatu hizo, upitie majibu yote ya taasisi, kila kosa ukiliweka mahali pake. Fanya hivyo hivyo kwa mambo mazuri. Kama mema yana mtendaji ("tumeboresha huduma") na mabaya hayana ("hitilafu ilijitokeza"), umepata jambo lenye ushahidi wa mstari kwa mstari.

Hatua ya 10: Andika

Kila dai liwe na idadi au nukuu, au vyote viwili: "Kucheleweshwa kunatajwa katika barua 41 kati ya 120 (asilimia 34)". Nukuu iwe na namba yake, B047, aya ya 3. Usichague nukuu kali kuliko zote. Chagua inayofanana na nyingi, na kali iweke tu ukisema kwamba ni ya pekee. Usiandike "wateja wanahisi" wakati ulichosoma ni barua za waliolalamika. Hapo ndipo ile aya ya hatua ya 2 inapoingia, mwanzoni kabisa mwa ripoti. Kitabu cha misimbo kiambatishe chote, pamoja na maamuzi magumu na tarehe zake. Ukimaliza, mwombe mtu achague sentensi yoyote moja ya matokeo, kisha mfungue faili pamoja na kuufuata ushahidi wake mpaka kwenye barua. Sentensi mtakayoshindwa kuifikisha iondoe.